Klachi ya Triumph ya zamani: ya asili, pleti saba, sahani yenye beringi au mkanda?

Mwenye pikipiki ya Triumph 650 ya miaka ya 1960 hapa Mtwara au Lindi, siku klachi ikianza kumsumbua, ana njia nne. Anaweza kuifufua ileile ya asili kwa pleti na springi mpya. Anaweza kuongeza pleti moja, zikawa saba badala ya sita. Anaweza kubadilisha sahani ya kukandamizia peke yake, ile inayozibana pleti, akaweka ya aluminiamu yenye beringi katikati. Au anaweza kuiondoa cheni ya mbele kabisa, akafunga mkanda na klachi kavu, isiyooga oili. Zote zinauzwa Uingereza, zote zina watu wanaoziapia, na bei zinapishana kutoka makumi ya pauni hadi mamia. Mimi namwandikia mtu anayeishi huku, ambaye kipuri kikikosewa atasubiri wiki nyingi kupata kingine, na ambaye pikipiki yake inakula vumbi la Newala na kulala kwenye hewa ya chumvi ya Shangani.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa barabara na hali ya hewa ya Kusini, klachi ya asili iliyonyooshwa kwa makini, ikapewa na ile sahani yenye beringi, ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu. Pleti saba zina nafasi yake. Mkanda ni kitu kizuri sana, lakini pwani unadai mengi kuliko maduka yanavyosema.

Inaumwa nini hasa?

Pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu ananunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Malalamiko ya klachi ni matatu tu. La kwanza ni kuteleza: unapandisha kwenda Newala, unafungua mafuta, injini inapaza sauti lakini mwendo hauongezeki. La pili ni kutoachia: umeminya mkono mpaka mwisho, pikipiki bado inataka kwenda, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ukisimama njia panda nyutro huipati mpaka uzime injini. La tatu ni uzito, vidole vinakufa ganzi kabla hujafika Mikindani.

Haya matatu hayana tiba moja, na tiba ya moja mara nyingi huzidisha jingine. Ukikaza springi ili isiteleze, mkono unakuwa mzito na sahani inanyanyuka kwa shida. Ukilegeza ili mkono uwe mwepesi, inateleza. Ndiyo maana mtu akiniuliza klachi gani aagize, namuuliza kwanza yake inafanya nini, na inafanya hivyo ikiwa baridi au ikishapata moto.

Kabla ya kuagiza chochote, angalia vitu vya bure. Waya wa klachi uwe na uhuru wa kama milimita tatu kwenye mkono; ukiwa umevutwa moja kwa moja, springi hazikandamizi kwa nguvu zote na pleti zitateleza hata zikiwa mpya. Katikati ya sahani ya kukandamizia kuna skrubu inayokutana na fimbo ya kusukumia. Iingize taratibu mpaka uisikie imegusa, kisha irudishe nusu mzunguko na ufunge nati yake. Waya uwe umepakwa mafuta ndani na usiwe umekunjwa kona kali chini ya tangi. Kwa hewa yetu ya chumvi, waya uliokaa mwaka mzima bila mafuta unashika kutu ndani kwa ndani, na mkono unakuwa mzito pasipo kosa lolote la klachi yenyewe.

Halafu oili. Kwenye Triumph hizi pleti zinaoga ndani ya oili, na si kila oili inafaa. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio kazi yenyewe ya klachi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Kwa bahati nzuri hilo ndilo daraja la oili nyingi za bodaboda, na maduka ya vipuri Chikongola yamejaa. Wengine hutumia oili ya giaboksi za otomatiki, ile nyekundu, nayo inafanya kazi vizuri kwenye injini ambazo kasha la cheni ya mbele lina oili yake peke yake. Kwa injini za mwaka 1970 na kuendelea usifanye hivyo, sababu nitaieleza kwenye mkanda.

Ilivyoundwa

Triumph 650 za muundo wa injini na giaboksi kwenye bodi moja zilianza mwaka 1963. Namba za injini zikianza na DU, ujue ni za 1963 hadi 1969. Upande wa kushoto kuna kasha lenye cheni ya safu mbili, inayotoka kwenye sproketi ya injini yenye meno 29 kwenda kwenye klachi yenye meno 58. Kwa hiyo klachi inazunguka nusu ya kasi ya injini. Ndani yake kuna pleti sita zenye vipande vya kushikia na pleti sita za chuma tupu, zinapishana moja moja, na springi tatu zinazibana zote pamoja. Kitovu kina raba ndani zinazopunguza mishtuko ya injini kabla haijafika kwenye gia. Ukiminya mkono, kule upande wa pili wa giaboksi kuna sahani mbili ndogo zenye gololi tatu katikati yake. Zikipandiana zinaisukuma fimbo ndefu inayopita katikati ya shafti mpaka kwenye sahani ya kukandamizia.

Muundo huu ulibeba Bonneville T120 yenye nguvu farasi zaidi ya 40 na ukabeba TR6 za polisi wa Uingereza. Anayekuambia klachi hii ni dhaifu kwa asili hajaiona ikiwa mpya. Tunazoziona sisi zimekaa miaka 50 au 60, zimepita mikono mingi, na kila mkono umekaza kidogo.

Njia ya kwanza: kuifufua ya asili

Hii ndiyo ya bei ya chini na ndiyo yenye kazi nyingi ya mikono. Unaagiza pleti sita mpya, springi tatu, na ikiwezekana raba za kitovu. Zile zenye vipande vya kizibo zinakaa vizuri kwenye oili na zinashika kwa upole. Kuna pia za Kiitaliano za Surflex na za Kimarekani za Barnett. Zote ni nzuri, tofauti yake kwenye barabara zetu ni ndogo kuliko tofauti ya fundi aliyezifunga.

Kazi yenyewe iko kwenye hausingi, ile ngoma ya nje inayobeba pleti. Ifungue, ishike mkononi, kisha pitisha ukucha kwenye kingo za zile njia ambazo masikio ya pleti hukaa. Utasikia vijishimo, kimoja kwa kila pleti, vimechongwa na miaka ya kugongana. Unapominya mkono wa klachi, pleti inatakiwa iteleze kwenye kingo hiyo itoke pembeni. Badala yake sikio linaingia kwenye kishimo na kukaa humo. Pleti haitoki, gia inagonga, na watu wanalaumu springi. Kitovu nacho kikague hivyohivyo, kule meno ya ndani ya pleti za chuma yanakokaa.

Chukua tupa bapa laini, sawazisha kingo mpaka ukucha upite bila kukwama. Ondoa kiasi kilekile kila upande, ama sivyo pleti moja itabeba mzigo wa wenzake. Vishimo vikiwa vya kina, usijaribu kuvimaliza kwa tupa, kwa maana utaacha nafasi kubwa na pleti zitaanza kugongana upya kwa nguvu zaidi. Hapo hausingi mpya ndiyo gharama unayotakiwa kuikubali.

Pleti za chuma ziweke juu ya kioo cha dirisha, moja moja, ubonyeze kingo. Ikicheza, imepinda, na iliyopinda haifai kurudi. Zilizo nyoofu zipitishe msasa mpaka ule mng'ao wa kuungua uondoke.

Baada ya kufunga, kuna hatua ambayo mafundi wengi wanairuka na ndiyo yenye thamani kuliko pleti mpya zote. Niliwahi kuiona ikifanywa kwa mzee mmoja wa Mikindani mwenye TR6. Nilimkuta ameikalisha kwenye stendi ya kati, kava liko chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu itazame hii, vijana wameikaza nati mpaka siwezi kuiminya. Na bado inagonga gia."

Tukaminya mkono wa klachi, tukaufunga na kamba ya mpira, fundi akasukuma kiki polepole kwa mkono. Sahani ya kukandamizia ikazunguka, na kwa macho tu ulikuwa unaiona inayumba: upande mmoja unatoka, upande mwingine umebaki ndani. Springi moja ilikuwa imekazwa kuliko wenzake. Fundi akachukua bisibisi aliyoikata mfereji katikati ya ncha ili iikalie nati ile yenye msumari wa bolti, akalegeza nati ya upande uliobaki nyuma nusu mzunguko, akasukuma kiki tena, akatazama. Akalegeza tena. Akakaza kidogo ile ya pili. Aliendelea hivyo mpaka sahani ikazunguka bila kuyumba hata kidogo. Kisha akazilegeza zote tatu kwa kiasi sawa mpaka vichwa vya nati vikalingana na ncha za bolti, na mkono ukawa mwepesi. Hakuna kipuri kilichonunuliwa siku ile. Gia ya kwanza iliingia bila kishindo, na mzee akaipeleka hadi kona ya barabara na kurudi akiwa anacheka.

Nimeikalia habari hii kwa sababu njia zote tatu zinazofuata zinasimama juu yake. Pleti saba juu ya hausingi yenye vishimo ni pesa iliyotupwa.

Udhaifu wa njia ya kwanza ni kwamba sahani ya asili ni ya bati la chuma lililokandamizwa. Inapinda kidogo chini ya springi, na baada ya muda nati zinaweza kusogea na ule unyoofu ukapotea. Utalazimika kuirudia kazi ya kiki na bisibisi kila baada ya muda.

Njia ya pili: pleti saba

Hapa unanunua seti ambayo pleti zake ni nyembamba zaidi, ili saba ziingie mahali pa sita. Hesabu yake ni rahisi. Pleti sita zina nyuso 12 zinazoshika. Saba zina 14. Kwa springi zilezile, klachi inabeba nguvu ya mzunguko zaidi kwa kama asilimia 17. Au ukitaka ibebe kilekile cha mwanzo, unaweza kupunguza nguvu za springi kwa kama asilimia 14, na mkono ukawa mwepesi kwa kiasi hicho. Kwa mtu mwenye injini iliyoongezwa nguvu, au anayebeba mtu na mzigo mara kwa mara kupanda uwanda wa Makonde, hiyo ni faida ya kweli.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Sahani ya kukandamizia inanyanyuka umbali uleule. Umbali huo sasa unagawanywa kwa nyuso 14 badala ya 12, kila pleti inapata nafasi ndogo zaidi ya kuachana na mwenzake. Kwa hiyo kama malalamiko yako ni gia kugonga na nyutro kupotea, pleti saba zinaweza kukuongezea shida. Kama ni kuteleza, zitakusaidia. Ni klachi nzuri kwa ugonjwa mmoja na mbaya kwa mwingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Tena pleti nyembamba zina nyenzo kidogo ya kulika. Ukiwa na tabia ya kuegemea klachi kwenye mchanga, kama vijana wengi wanavyofanya kwenye njia za mashambani wakati wa msimu wa korosho, utazimaliza mapema.

Njia ya tatu: sahani ya aluminiamu yenye beringi

Ningekuwa na nafasi ya kununua kitu kimoja tu, ningenunua hiki. Sahani ya bati inatolewa, inawekwa nene ya aluminiamu iliyokerezwa. Haipindi chini ya springi. Katikati yake, mahali fimbo inaposukuma, kuna beringi, hivyo sahani inazunguka kwa uhuru hata ukiwa umeminya mkono, bila chuma kusuguana na chuma. Nati zake hujifunga zenyewe, hazisogei kwa mtikisiko. SRM Engineering ya Wales ni miongoni mwa wanaojulikana kwa sahani za namna hii, hasa kwa BSA, pikipiki nyingine za Uingereza, na wapo wengine wa Triumph.

Faida yake unaisikia kwenye kuachia. Sahani ikinyanyuka yote kwa pamoja, pleti zote zinapata nafasi sawa, nyutro inapatikana ukiwa umesimama. Mkono unakuwa mwepesi kidogo, si sana. Kwenye kuteleza haiongezi chochote cha maana, kwa sababu idadi ya nyuso na nguvu za springi hazijabadilika.

Inafungwa bila kugusa cheni wala kutoa kitovu. Ukiwa na kava limefunguliwa na gasketi mpya mkononi, kazi inaisha kabla ya adhuhuri. Na siku ikikukera, unairudisha ya zamani. Kwa mtu aliye mbali na duka, uwezo wa kurudi nyuma una uzito mkubwa. Bei iko katikati, juu ya pleti na chini sana ya mkanda.

Ninayoipendekeza, basi, ni ya kwanza na ya tatu pamoja: hausingi iliyosawazishwa, pleti sita mpya za kizibo, springi za nguvu ya kawaida, sahani ya aluminiamu. Springi ngumu za kununua sizishauri kwa mtu yeyote mwenye injini ya kawaida. Zinaficha pleti zilizochoka, zinachosha mkono, na zinakula gololi na fimbo kule giaboksi.

Njia ya nne: mkanda na klachi kavu

Mkanda wenye meno unachukua nafasi ya cheni, puli mbili za aluminiamu zinachukua nafasi ya sproketi, na klachi mpya inakaa kavu bila oili. Ukiiendesha pikipiki yenye kitu hiki baada ya kuzoea cheni, utafurahi kweli. Uzito unaozunguka umepungua, gia zinaingia laini, sauti imetulia. Pleti kavu hushika zaidi kuliko zilizolowa, kwa hiyo springi laini zinatosha na mkono unaminyika kwa vidole viwili. Oili haivuji tena kwenye kasha la kushoto kwa sababu haimo.

Sasa tuje kwenye mambo yake. La kwanza linahusu mwaka wa injini yako. Hadi 1969 kasha la cheni lilikuwa na oili yake, limetengwa na injini kwa sili ya kwenye shafti. Kuanzia matoleo ya 1970 Triumph waliiacha injini ipumulie ndani ya kasha hilo: sili imeondolewa, kuna matundu matatu madogo ukutani, na oili inayobebwa na pumzi ndiyo inayolainisha cheni na klachi. Ndiyo sababu kwenye injini hizo oili ya klachi ni oili ya injini, na ndiyo sababu huwezi kuweka ile nyekundu ya otomatiki. Ukitaka mkanda kwenye injini ya aina hiyo, lazima uzibe matundu, ufunge sili, na uipe injini mahali pengine pa kupumulia. Ukiruka hatua moja, klachi kavu inalowa oili na inateleza, au injini inakosa kupumua na kuanza kuvuja kwenye kila gasketi.

La pili ni ukazaji. Puli na makasha ya aluminiamu hutanuka yakipata moto, na mkanda hukazika pamoja nayo. Unaufunga ukiwa na ulegevu baridi, ili ukishapata moto uwe sawa. Aliyezoea kukaza cheni ataukaza mkanda kwa mazoea yaleyale, na mzigo wote utaangukia beringi ya shafti ya injini na ile ya giaboksi. Jua la Mtwara halisamehi hilo.

La tatu ni hewa. Klachi kavu na stata ya alternata (koili za kuzalisha umeme) hukosa oili ya kuzipoza, hivyo wengi hutoboa kava ili upepo upite. Huko Uingereza ni sawa. Huku, kupitia tundu hilo litaingia vumbi jekundu la barabara za uwanda wakati wa kiangazi, na kuanzia masika maji ya matope. Changarawe moja kati ya mkanda na puli inatosha kuharibu jino. Na pleti za chuma zisizo na oili, pikipiki ikilala karibu na bahari, zinashika kutu usiku kucha na kuganda pamoja. Kwenye klachi ya oili jambo hilo lipo lakini ni dogo. Unaminya mkono, unapiga kiki mara kadhaa kabla ya kuwasha, zinaachana.

La nne ni umbali. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, hadi Masasi kama 200. Mkanda ukikatika katikati, hakuna duka njiani litakalokuwa nao. Kubeba wa akiba ni lazima, lakini kuufunga kunataka kuondoa rota ya alternata na kuvuta puli, kazi isiyofanyika kwa spana mbili chini ya mkorosho. Cheni ya safu mbili ya Triumph, ikiwa na oili na imekazwa vizuri, inalika kwa kukupa taarifa: inapiga kelele miezi mingi kabla haijakataa kazi.

Kwa hiyo mkanda ni wa nani? Ni wa mwenye injini ya kabla ya 1970, anayelaza pikipiki ndani, anayekwenda kwenye lami ya Mtwara na Lindi siku kavu, mwenye vifaa vyake mwenyewe na anayefurahia kuvitumia. Mtu huyo namwambia aende, hatajuta. Anayetaka kwenda Newala, Nachingwea na vijiji vya Ruvuma misimu yote abaki na cheni.

Kama yako ni BSA au Norton

Mengi ya juu yanafaa kwa BSA, na tofauti mbili zinafaa kutajwa. BSA A10 za mwanzo zina klachi ya springi sita, iliyofanywa ikae kavu ndani ya kofia ya bati, kama M20 za jeshi la Uingereza za Vita vya Pili. Kofia ikishindwa kuzuia oili, klachi inateleza, na sita za kuzisawazisha kwa kiki na bisibisi ni kazi ndefu kuliko tatu. Wengi hubadilisha kitovu na hausingi, wakaweka ile ya springi nne yenye asili ya Triumph ambayo BSA wenyewe walianza kuitumia baadaye. Kwa A10 hilo ndilo badiliko la maana kuliko yote, kabla ya kufikiria sahani ya aluminiamu. M20 ya kutembelea taratibu haihitaji hata hilo. Kofia nzima na sili nzuri zinaitosha.

Norton Commando ni jambo jingine kabisa. Springi yake ni moja, bapa na duara, na ina nguvu za kuumiza. Usiifungue bila kifaa chake cha kuivuta; mafundi wa mashine za kukereza Mtwara mjini wanaweza kukitengeneza ukiwapa mchoro. Kuteleza kwa Commando mara nyingi kunatokana na oili ya giaboksi inayotambaa kando ya fimbo ya kusukumia mpaka kwenye pleti, na tiba yake ni sili ndogo ya kwenye fimbo hiyo. Wanunuzi wengi wa mikanda ya Commando walihitaji sili hiyo tu.

Vifaa na kuagiza

Fundi wa bodaboda anaielewa klachi hii haraka, kwa kuwa ya Boxer na ya TVS nazo ni pleti nyingi ndani ya oili. Shida ni nati. Pikipiki hizi ni za vipimo vya inchi, na nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina spana zake za Whitworth. Spana ya milimita inakaa nusu nusu, kisha inazila pembe za nati. Nunua seti yako, uende nayo kwa fundi, na mkatalie nyundo kwenye kitovu: kinatoka kwa kifaa cha kuvuta chenye uzi sahihi, na pigo la nyundo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi ya giaboksi. Pleti za Boxer usijaribu kuzikata ziingie, vipimo havikaribiani.

Unapoandika kwa muuzaji, mpe namba ya injini yote kama ilivyopigwa, mwaka unaodhani, idadi ya springi, na picha ya klachi ikiwa imefunguliwa. Pikipiki zilizokaa Tanganyika tangu enzi ya mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951 na zile zilizokuja baadaye zimebadilishwa vipuri mara nyingi, na iliyoandikwa kwenye kadi siyo lazima iwe ndiyo iliyomo ndani ya kasha. Agiza gasketi ya kava na sili kwa pamoja na pleti. Kwenye hesabu ya gharama weka ushuru na VAT ya asilimia 18 juu ya bei na usafirishaji, kisha nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam kwa basi. Kwa njia ya kwanza na ya tatu jumla hiyo inavumilika. Kwa mkanda inaweza kufika nusu ya thamani ya pikipiki yenyewe, na hapo ndipo ningemwomba mtu aitazame tena hausingi yake kwa ukucha kabla hajalipa.